Aliyecheka Bila Kuwa Mtani

Walisema sitaweza. Walisema ulimi wa Mluguru wa mlimani umekunjwa na baridi, haukunjuki kwa Kiingereza. Walisema mbeba kabichi atakufa mbeba kabichi, na siku nitakayozungumza na Mzungu nikaeleweka, siku hiyo mto Ruvu utapanda mlima. Nayakumbuka maneno hayo, mwanangu, na nawakumbuka walioyasema, nani alisimama wapi na nani alimgusa nani kwa kiwiko. Mto Ruvu bado unateremka. Mimi nimepanda.

Leo nina stashahada ya ualimu wa Kiingereza. Iko ukutani sebuleni kwangu Kihonda, ndani ya kioo, na mgeni akiingia namkalisha kwenye kiti kinachoitazama. Wapo wanaosema hayo ni majivuno. Sawa, ni majivuno. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi sikuundwa na serikali wala na mjomba tajiri. Nina haki ya kuitazama kazi yangu.

Lakini sikushika kalamu ili nijisifu. Hilo nalifanya hata bila kalamu. Nimeishika kwa sababu nimekasirika. Siku hizi vijana wanarushiana kwenye simu video ya msichana mmoja anayeongoza wageni kupanda milima yetu. Amesimama njiani, nyuma yake ukungu, anawaeleza wageni habari za mahali pale kwa Kiingereza, na anakosea. Wageni wanamsikiliza, wanaitikia kwa vichwa. Anayepiga video hiyo, kijana wa hapa hapa, anacheka mpaka simu inatikisika mkononi. Na chini ya video watu wameandika kejeli zao, nami nimezisoma nyingi za kutosha kujua kwamba wengi wa walioziandika hawawezi kuunganisha sentensi mbili za Kiingereza. Debe tupu haliachi kuvuma.

Unataka kujua kosa la yule binti? Ni kosa la kila mtu. Kiingereza kina kijineno, 'the', ambacho majina mengine huvishwa kichwani kama kofia. Sisi hatuna kofia hiyo. Tunasema Morogoro, tunasema milima ya Uluguru, tunasema mto Ruvu, na kila kimoja kinatembea kichwa wazi. Kwa Kiingereza mji hauvai. Mlima mmoja ukiutaja kwa jina lake hauvai. Lakini milima ikiwa mingi kwa pamoja, kama hii yetu, inavaa, na mto nao unavaa. Usiniulize kwa nini; muulize Mwingereza, naye atakuna kichwa. Halafu kuna habari ya mwenye mali. Sisi hutaja mali kwanza, mwenyewe baadaye: soko la Mkuyuni. Wao mara nyingi humtanguliza mwenyewe na kumfunga 's' mkiani, na mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hujikwaa hapo, kwa sababu macho yake yamezoea kuliona soko kabla ya kumwona mwenye soko. Nafundisha mambo haya kwa chaki na kwa uvumilivu, na bado mwanafunzi wangu bora akichoka atauvika mji kofia. Ni kosa dogo. Haliui mtu. Kinachoua ni kicheko.

Nami nilipata kukaribia kuuawa nacho, siku moja ya Jumapili, baada ya misa, katika uwanja wa kanisa kijijini kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya Mkuyuni.

Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Shule niliishia darasa la saba. Sikufeli, baba alifariki, na mama akabaki na mashamba ya mteremkoni na mgongo unaomuuma. Basi nikabeba mboga. Kabichi, karoti, njegere, nilizishusha kichwani hadi barabarani, na gari likipatikana nazisindikiza hadi sokoni Morogoro mjini. Kiingereza nilijifunza kwa kitabu kilichopoteza jalada na kurasa zake za mwanzo, kwa hiyo niliingia katika lugha ile kama mtu anayeingia nyumba kwa dirishani. Kingine nilikipata kwenye redio ya Padre, aliyeniachia niisikilize kila nilipompelekea mboga. Njiani, tenga likiwa kichwani, nilikuwa nikisema peke yangu. Watu walimpa mama pole kwamba mwanawe ameanza kurukwa na akili.

Padre akatutangazia kwamba tutapata mgeni, mkuu wa chuo kimoja cha wamisionari huko Zambia. Chuo hicho kilitaka kumchukua kijana mmoja kutoka kwetu. Masharti yalikuwa mawili. Kijana asimame mbele ya mgeni amkaribishe kwa Kiingereza, maana huko masomo yote ni kwa Kiingereza. Tena awe na vitu vyake vya safari, yaani koti, viatu, blanketi na sanduku, kwa sababu chuo kinatoa nauli, chakula na masomo tu, na baridi ya kule si ya mchezo. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilijiambia nipite kwanza sharti la kwanza, la pili Mungu ataliona. Katika maisha yangu yote sikuwa nimeonyeshwa njia nyingine ya kushuka mlima ule bila tenga kichwani.

Kila mtu alijua kwamba nafasi hiyo ni ya Deo. Deo alikuwa rika langu, lakini alikuwa sekondari, kidato cha nne, na alikuja likizo amevaa koti la shule lenye nembo kifuani. Hata jua la mchana halikumvua. Kiingereza alikuwa nacho, hilo sikatai. Mgeni alipokwisha kukaa, Padre akauliza nani atamkaribisha, na uwanja mzima ukamgeukia Deo. Deo akavitazama viatu vyake. Padre akauliza tena. Deo akasema kwa sauti ya chini kwamba koo linamuuma.

Ndipo nikasimama mimi.

Nilimkaribisha mgeni Morogoro, na mji nikauvika kofia. Nikamwambia sisi ni watu wa Milima ya Uluguru, na milima nikaivua. Nikataka kumwonyesha maporomoko ya Kimwasa, yale yanayoonekana kutoka uwanjani kama uzi mweupe juu ya jiwe jeusi, na hapo nikamfanya mwenye mali kuwa mali na mali kuwa mwenye mali.

Deo akacheka. Koo lake lilipona palepale. Waliokaa karibu naye wakacheka kwa sababu Deo amecheka, na wa nyuma wakacheka kwa sababu wa mbele wamecheka, na kicheko kikatembea mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Mwanangu, nakuapia, katika uwanja ule, ukimtoa Deo na Padre na mgeni mwenyewe, hakuna aliyejua nimekosea wapi. Mama Anastazia, jirani yetu, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa 'gudi moningi', alicheka akishika mbavu. Mwenye mashine ya kusaga alicheka. Kiongozi wa kwaya alicheka, mtu mzima na mvi zake. Nilikuwa bado na maneno mengi niliyoyaandaa kwa majuma. Yakarudi tumboni. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, nikitafuta mwanya wa kutokea, na mgeni alikuwa akitazama huku na huku bila kujua tunachekea nini.

Sasa, kama wewe ni mtoto wa mjini, nikueleze jambo kabla sijaendelea. Sisi Waluguru tuna watani, ukoo kwa ukoo. Mtani wako ana ruhusa ambayo ndugu yako wa tumbo moja hana. Atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Msibani kwenu, watu wakiwa wanalia, yeye ataigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina bei yake. Mtani ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Mtani ndiye anayeleta kuni na maji wakati wenye msiba wamelegea. Anacheka kwa sababu anabeba. Asiyebeba hana kicheko, na akicheka, ametumia haki ya mtu mwingine.

Mtani mkubwa wa ukoo wetu alikuwa Mzee Simforiani, mchonga mipini ya majembe, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kiingereza hakukijua wala hakukitaka. Aliinuka pale alipokuwa, akaja hadi katikati ya uwanja, akanishika ukosi wa shati kama mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea.

"Huyu ni mtumwa wangu," akasema. "Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibuyu cha pombe, na pombe yenyewe ilikuwa imechacha. Mimi namcheka kila siku. Namcheka kichwa, namcheka miguu. Ninyi wengine, hicho kicheko mmekiazima kwa nani?"

Watu wakacheka tena, safari hii kwa maneno yake, wakidhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Alianza kumfuata mmoja mmoja. Alimuuliza Mama Anastazia kama yeye ni mtani wa kijana huyu. Akajibu hapana, ni jirani tu. Akamuuliza kama siku kijana huyu akifa yuko tayari kumchimbia kaburi. Akasema Mungu apishe mbali. Akamwendea mwenye mashine, akamwendea kiongozi wa kwaya, na swali lilikuwa lile lile. Kila alipouliza, kicheko kilipungua. Alipofika kwa Deo hakuuliza kitu. Alilitazama koti tu, juu mpaka chini.

Kisha akatoa hukumu. Akasema waliocheka wamekula kisicho chao, na watalipa. Hataki kuku, hataki pombe. Mtumwa wake anakwenda safari, na kila aliyecheka atamwazima kitu cha safari hiyo. Na hapa aliinua kidole, maneno yake nayakumbuka yote.

"Nimesema kumwazima, sijasema kumpa. Mkimpa, yeye atasahau na ninyi mtajisifu. Mkimwazima, atarudi. Na vitu hivi havirudishwi kwa kutuma mtu. Atavirudisha kwa mkono wake, hapa hapa, mbele ya ninyi mliocheka."

Unaweza kujiuliza kwa nini walimtii mchonga mipini. Walimtii kwa sababu mtu anayeudharau utani hujulikana, na siku ya msiba wake habari hiyo itaimbwa mpaka watoto wataishika. Mama Anastazia akaenda nyumbani na kurudi na blanketi lenye harufu ya moshi wa jikoni. Mwenye mashine akavua viatu alivyovaa, vikubwa kuliko miguu yangu, ikabidi nivijaze matambara. Kiongozi wa kwaya akaleta sanduku la bati. Na Deo akalivua koti. Alilivua polepole, mkono mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayechunwa.

Padre alikuwa akimnong'oneza mgeni yote hayo kwa Kiingereza. Mgeni akageuka, akamwomba Deo aseme japo sentensi moja, lolote analolipenda. Deo alijua Kiingereza kuliko mimi, nimeshasema. Lakini alikuwa amekwisha kuona kicheko kinavyofanya kazi, maana yeye ndiye aliyekiwasha, na akaogopa kisimgeukie. Hakufungua kinywa. Mgeni akasema maneno machache, Padre akatutafsiria kwamba anamchukua aliyesimama.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda ng'ambo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wahenga wanisamehe, lile koti lilinisitiri mpaka mikono yake ilipokatika.

Kule Zambia, jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa baridi. Ni kwamba watu walikuwa wanakosea na wanaendelea. Sokoni mama anauza nyanya kwa Kiingereza kilichovunjika miguu yote minne, na nyanya zinauzwa. Kondakta anakosea, abiria anakosea, wanafika. Hakuna aliyesimama kucheka. Nilikaa miaka miwili chuoni, nikaendelea kwa kuosha vyombo katika hoteli moja huku nikisoma, nikafundisha watoto wa watu, nikasoma tena, mpaka ile stashahada ikatoka na jina langu limeandikwa juu yake kwa wino mweusi, Kalisti, bila kukosewa. Nani alinisomesha? Mikono hii. Masinki ya ile hoteli yanajua.

Viatu vilikufa mwaka wa kwanza. Blanketi lilikwisha, sanduku likapata kutu. Koti nililihifadhi, ingawa lilikuwa limebaki tambara. Nilijua nitakapokwenda nyumbani nitarudisha vipya.

Nikarudi kwa treni ya Zambia, na baadaye kwa basi. Na kabla sijaanza kupanda mlima, pale Mkuyuni siku ya soko, niligundua kwamba nimepata mwenyewe, yaani mtu wa kunimiliki. Muuza ndizi mmoja alinitazama, akauliza jina, akafurahi. "Kumbe wewe ndiye yule kijana wa Deo," akasema. Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini dereva wa bodaboda naye akasema hivyo hivyo. Nilipofika kijijini nikapata hadithi nzima. Deo alikuwa amefanya kazi ya ofisi mjini, akarudi na fedha, na sasa alikuwa akiwaleta watalii kuona maporomoko ya Kimwasa. Kila mtalii, kila mgeni wa kanisa, kila aliyekaa naye baa, alisimuliwa kwamba kuna kijana maskini wa mlimani ambaye Deo alimvisha, akamlipia nauli, akamsomesha nje. Koti lilikuwa limezaa. Lilizaa nauli, nauli ikazaa ada, na mimi nikawa mtoto wa koti.

Kicheko chenyewe hakikuwemo tena katika hadithi hiyo. Kilikuwa kimefutwa. Siku ile sasa ilisimuliwa kama siku ambayo kijiji kizima kiliungana kumwinua mtoto wake. Mwanangu, kuchekwa niliweza kukustahimili. Lakini mtu akukanyage leo, kesho aseme yeye ndiye aliyekupa miguu? Hilo lilinichemsha, na mpaka leo sijapoa.

Siku ya tatu au ya nne Deo akanijia nyumbani kwa mama. Alikuwa amenenepa, anacheka kwa ukarimu, ananiita mdogo wangu ingawa tumezaliwa msimu mmoja. Alikuwa na kazi ya kunipa, akasema, kazi ndogo kwa msomi. Anataka kuweka kibao kikubwa penye njia ya kwenda Kimwasa, kwa Kiingereza, Kiingereza kisichochekwa. Na kibao hicho kiseme maporomoko hayo ni yake. Jina la Deo litangulie, na ile 's' ya mwenye mali ifungwe nyuma yake vizuri.

Nikamwambia Kimwasa ina jina tayari. Tena ule mteremko ni wa lukolo, wa ukoo, unarithiwa kupitia akina mama tangu enzi na enzi, na kila mtu hapa anajua ni ukoo upi. Deo, ambaye mama yake alitoka kwingine, hakuwa na hata shimo la muhogo kule. Akanipiga bega. "Mdogo wangu Kalisti," akasema, "usisahau uliondoka hapa na koti la nani."

Kesho yake nilishuka mjini. Nilimtafuta fundi cherehani mzuri, nikampa tambara la koti la zamani, nikamwambia anishonee jipya kwa kipimo kile kile, kitambaa bora zaidi, na bitana ndani. Nikanunua blanketi, viatu na sanduku la bati. Halafu nikapanda kwenda kwa Mzee Simforiani. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, lakini sauti ilikuwa ile ile. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mtumwa, mbona umechelewa, nilitaka kukuuza. Nikamweleza yote, na jinsi Deo anavyosema. Akaichezea fimbo yake.

"Mdai asiyeomba kulipwa hadai kitu chake," akasema. "Anakudai wewe. Na mtumwa wangu mimi siuzi kwa mtu asiye mtani."

Jumapili, baada ya misa, Simforiani akawazuia watu wasitawanyike. Nikasimama katika uwanja ule ule. Kwanza niliwasalimu kwa Kiingereza, kirefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kila mji kichwa wazi na kila mto na kofia yake, na sioni aibu kusema kwamba nilikifurahia kila kituo. Kisha nikageukia Kiswahili, nikasema nimekuja kurudisha.

Mama Anastazia alilipokea blanketi, akalinusa, akasema lake lilikuwa kuukuu, hili ni jipya mno. Halafu machozi yakamtoka. Akaniambia siku ile alicheka na hakujua anacheka nini, na hajawahi kujua. Nikamwambia yameisha, mama. Mwenye mashine akavijaribu viatu hapo hapo, akatembea hatua chache kuwaonyesha watu. Kiongozi wa kwaya alikuwa ametangulia mbele ya haki; kwa mila yetu mrithi wake alikuwa mtoto wa dada yake, na mpwa huyo akaja akalipokea sanduku kwa mikono miwili, huku watoto wa marehemu wakiitikia kwamba ni sawa.

Akabaki Deo. Alikuwa amekaa mbele, kama kawaida. Nikamnyooshea koti. Hakunyoosha mkono.

"Lile lilikuwa zawadi," akasema, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie. "Mimi simdai mtu."

Msikilize huyo. Mtu ambaye siku zote hizo alinidai mpaka kwa wauza ndizi. Nikaelewa kwamba nikirudi nyumbani na lile koti, nitakuwa kijana wa Deo mpaka kaburini, na kibao cha Kimwasa nitakiandika.

Simforiani akaja na fimbo yake. Akasema ilikuwa azima, aliyeisema ni yeye, na Deo alikuwa ana masikio siku ile kama leo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini huyu analipa kwa furaha, kwa nini Deo amnyime nafasi ya kulipa? Deo akatazama pembeni. Mzee akalichukua koti mkononi mwangu na kumvika mabegani. Deo, kwa kuona haya kuvutana na mzee mbele ya kanisa, akaingiza mikono.

Kumbuka kipimo kilikuwa cha kijana wa kidato cha nne. Mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko. Vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali, na tumbo katikati. Mtu mmoja akashindwa kujizuia. Kisha wa pembeni yake, kisha wa nyuma, na nikakisikia kicheko kinaanza kutembea kuelekea ukuta wa kanisa.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu ulikuwa safi. Usingizini nilikwisha kukisikia kicheko hicho mara nyingi, na daima kilikuwa kitamu. Lakini nilimwona Deo anavitazama viatu vyake, na mdomo wake umefunga kama siku ile Padre alipouliza. Nikainua mkono.

"Nyamazeni," nikasema. "Nani kati yenu atamchimbia kaburi?"

Wakanyamaza. Hata Simforiani hakuwa amecheka, maana Deo hakuwa mtani wake.

Deo akalivua koti. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkono wake wa kushoto, akasimama. Nilidhani ataondoka. Akanipa mkono wa kulia. "Nimepokea," akasema, neno moja tu, lakini alilisema kwa sauti, na watu wakaitikia kwamba amepokea. Siku hiyo ndiyo niliyomaliza kuwalipa walioniazima, wote, na tangu hapo sina mwenyewe ila Mungu aliyeniumba na ukoo wa mama yangu. Kibao cha Kimwasa nilikiandika juma lililofuata, bila malipo. Kina jina la mahali, basi.

Kwa hiyo, mwanangu unayeshika simu na kucheka, nakuuliza swali la Simforiani: wewe ni mtani wake? Utambeba akianguka? Kama utambeba, mcheke, kisha mwonyeshe lilipo kosa, maana kusahihishwa ni haki yake. Kama humbebi, funga mdomo, na uone haya, kwa sababu kicheko chako kimewanyamazisha wengi waliokuwa na maneno bora kuliko yako, nacho kitakunyamazisha wewe mwenyewe siku ukiitwa mbele. Na wewe unayechekwa, maliza sentensi. Mimi sikuimaliza yangu siku ile, na ninaijutia mpaka kesho. Ivishe milima kofia au uivue, utajifunza. Lakini usikae chini kwa ajili ya watu wasiosimama. Ukiazimwa, rudisha kwa mkono wako mchana kweupe, hata mwenye kitu akikuambia ni bure, hasa akikuambia ni bure mbele za watu. Hakuna gharama kubwa kama ya kitu ambacho hukuruhusiwa kukilipa.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka na masikio yenye subira. Akupe watani wanaojua kubeba, na akuepushe na wafadhili waliozaliwa baada ya safari yako kwisha. Popote utakapofika, katika mji au mlimani, watu wa huko wakuite kwa jina lako, na liwe lako peke yako. Amina.